Seti ya lita 20 kwa farasi-bahari kibete: tangi halina neno, shughuli iko kwenye chakula

Seti ninayoitumia ni tangi la kioo la lita 20 lenye chumba cha kichujio nyuma, pampu ndogo ya maji, taa ya LED na hita ya wati 25. Ndani wanaishi farasi-bahari vibete, Hippocampus zosterae, wale wa Ghuba ya Mexico, Florida na Bahamas. Naipa nyota nne. Ya tano imeondoka na pampu, nitaeleza.

Ukubwa wenyewe uko sawa kabisa, ingawa kila muuza samaki atakwambia maji ya bahari yanataka tangi kubwa. Kwa samaki wengine ni kweli. Huyu ana urefu wa kama sentimita mbili na nusu, hana tumbo la kuhifadhi chakula, na hakimbizi mawindo: anajishika kwa mkia kwenye jani na kusubiri kitu kipite mbele ya mdomo wake. Chakula kisipokuwa kimesongamana ndani ya maji, anakonda huku kikielea hapo hapo tangini. Kwa lita 20 unaweza kuweka wanane au kumi na wote wakala. Tangi la lita 100 litakulazimisha utotoleshe chakula chao, kamba wadogo hai waitwao Artemia, kama kiwanda.

Pampu iliyokuja na seti iondoe siku ya kwanza. Mkondo wake unawang'oa kwenye majani, na matundu ya chumba cha nyuma yanavuta chakula chote, na watoto pia wakizaliwa. Badala yake nimeweka kichujio cha sponji kinachoendeshwa na pampu ya hewa nje ya tangi, na valvu ya plastiki kwenye mpira wa hewa kupunguza mapovu hadi yatoke moja moja, makubwa. Mapovu laini ya jiwe la hewa hayatakiwi humu. Weka pia valvu ya kuzuia maji kurudi, la sivyo umeme ukikatika maji yanashuka kwa mpira hadi kwenye pampu.

Kumbuka kwamba pampu ikishaondoka, chumba cha nyuma kinabaki maji yaliyolala, kwa hiyo hita haiwezi kukaa huko tena. Ihamishie mbele na uivishe kinga ya plastiki yenye matundu, maana hawa hujishika popote, hata kwenye kioo cha hita ya moto. Joto wanalotaka ni nyuzi 22 hadi 25 tu. Kama nyumba yako haishuki chini ya hapo, hita iache kwenye boksi. Taa ni kali kuliko inavyohitajika. Saa nane kwa siku zinatosha, ukizidisha unalisha mwani wa kahawia kwenye kioo.

Maji: tumia ya RO (yaliyosafishwa kwa kichujio cha osmosisi), si ya bomba. Anza na gramu 35 za chumvi ya akwariamu ya bahari kwa kila lita, yakoroge kwa hewa usiku kucha, kisha pima uzito wa chumvi kwa refraktomita, kipimo cha chumvi majini, na urekebishe hadi 1.022 au 1.024. Maji yakipungua kwa kukauka, ongeza maji matamu peke yake, chumvi haikauki. Kisha acha tangi likomae wiki nne hadi sita bila samaki, ili waote bakteria wanaoondoa amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki; uwalishe kwa kutia amonia ya matone kufikia miligramu 2 kwa lita. Tangi limeiva pale amonia hiyo inapokwisha ndani ya saa 24 na naitraiti, sumu inayotokana nayo, kusoma sifuri.

Sasa haidroidi, adui mkuu wa tangi hili. Ni wadudu jamii ya yavuyavu, wanaojibandika kwenye kioo kama nyuzi nyeupe za milimita chache, kila moja na mikono yake ya sumu. Zima taa, mulika kioo kwa tochi kutoka pembeni. Ukiona ukungu wenye nywele, au vitu vidogo mviringo vinavyopumua-pumua majini, ndio hao. Wanawachoma watoto hadi kufa na kula chakula chao, na kadiri unavyolisha vizuri ndivyo wanavyozaana. Huingia kwa mawe hai (mawe ya baharini yenye viumbe), kwa mwani wa dukani na kwa mayai ya chakula. Kwa hiyo mawe hai sitaki kuyaona. Natumia majani ya plastiki na mwani wa Chaetomorpha uliokaa kwanza kwenye ndoo ya dawa.

Dawa ni fenbendazoli, ile ya minyoo ya mbwa, Panacur ya chembechembe za asilimia 22. Kipimo kinachotumiwa na wafugaji wa farasi-bahari ni moja ya nane ya kijiko cha chai kwa lita 38, hivyo kwa tangi hili ni nusu ya hapo. Koroga kwenye maji kidogo, mimina, rudia baada ya siku moja kupita, kisha mara ya tatu vivyo hivyo, halafu badilisha sehemu kubwa ya maji. Fanya hivyo kabla ya kununua konokono, maana dawa hii huua aina kadhaa na mawe huinyonya. Minyoo ya tangini inayokufa kwa dawa hutoa amonia, kwa hiyo pima kila siku.

Chakula ni watoto wa Artemia waliotoka kuanguliwa, mara mbili kwa siku, kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Chupa ya soda ya lita mbili, kata kitako, igeuze kichwa chini. Lita moja ya maji, gramu 25 za chumvi, nusu kijiko cha chai cha mayai, hewa ya nguvu kutoka chini, taa juu yake, nyuzi 27. Baada ya saa 24 zima hewa: maganda yanaelea, na wadogo wa rangi ya chungwa wanajikusanya chini ukimulika chini. Wavute kwa mpira mwembamba, wachuje kwa kitambaa cha maikroni 120, suuza kwa maji matamu, ndipo uwape.

Kabla ya kuangua nayavua mayai maganda kwa jiki isiyo na manukato: yaloweke saa moja, tia jiki, koroga dakika chache hadi yageuke kutoka kahawia kuwa chungwa, kisha suuza hadi harufu iishe na umalizie na dawa ya kuondoa klorini. Hapo haidroidi za kwenye maganda zimekwisha, na hakuna ganda la kumsakama samaki.

Artemia hubaki na kiini chao kwa saa chache tu. Baada ya kama saa 12 wanafungua mdomo, na wasipolishwa wanakuwa maganda matupu yanayoogelea. Artemia wa jana warutubishwe kwa mafuta ya omega-3 au watupwe. Waliokufa chini ya tangi wanyonye kwa mpira kila jioni.

Dume ndiye hubeba mimba, siku kumi hadi kumi na nne, na hutoa watoto wachache hadi makumi, wanaokula chakula hicho hicho kwenye tangi hilo hilo. Aina kubwa za farasi-bahari hazikupi urahisi huu.

Nunua waliozalishwa tangini, wakiwa wadogo, maana umri wao ni kama mwaka mmoja. Farasi-bahari wote wako kwenye Kiambatisho II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe pori, tangu 2004, pamoja na wale wa nyasi za bahari za pwani yetu ya Afrika Mashariki, ambao kwa ukubwa wao hawafai hata kujaribiwa humu. Wakifika kwa posta, sawazisha joto la mfuko kwa robo saa, ongeza maji ya tangi kidogo kidogo kwa muda mfupi, kisha wahamishe kwa kikombe na maji ya mfuko uyamwage. Usiwadondoshee maji kwa masaa: pH (kipimo cha uasidi wa maji) ya mfuko ikipanda, amonia iliyokusanyika njiani inageuka sumu wakiwa bado ndani yake.