Miezi sita ya kujifunza grafiki za mwendo: muhula wa kwanza lipia, wa pili fikiria

Kwa miaka minne nimetengeneza mabango katika duka la uchapishaji River Road, Nairobi: ya mazishi, ya harusi, ya wagombea. Mwaka jana wateja wakaanza kuniuliza, "Dada, hii haiwezi kutembea niiweke kwenye status?" Ndipo nikajisajili kozi ya jioni ya grafiki za mwendo, yaani kufanya picha na maandishi yatembee, katika chuo kidogo hapa katikati ya jiji. Mihula miwili, shilingi 78,000 jumla. Jina la chuo naliacha. Ninachotaka ni anayetafuta kozi kama hii ajue cha kuangalia kabla hajatoa pesa.

Muhula wa kwanza ulinibadilisha. Wiki mbili nzima mwalimu hakuturuhusu kugusa kompyuta. Alikuja na chungwa, akaliangusha kwenye korido, tukalirekodi kwa simu fremu 30, yaani picha 30, kwa sekunde. Kisha tukaipitisha ile video fremu moja moja, na kila mahali chungwa lilipo tukatia nukta kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Kule juu nukta zimebanana, karibu zinagusana. Kadiri chungwa linavyokaribia sakafu, zinaachana. Likiruka tena na kukaribia kilele chake, zinabanana upya. Nilisimama mbele ya karatasi ile muda mrefu. Uzito wote wa chungwa ulikuwa pale, katika nafasi kati ya nukta na nukta.

Tulipofungua After Effects, programu ya kutengenezea grafiki za mwendo, nikaelewa kwa nini alituchelewesha. Ukiipa programu alama mbili, ya kuanzia na ya kumalizia, inajaza katikati yenyewe kwa kasi ileile mwanzo hadi mwisho. Kichwa changu cha kwanza cha habari kiliingia kutoka kushoto na kusimama ghafla. Mwalimu akaniuliza, "Ulikuja na matatu leo? Ilisimama hivyo stejini?" Akatutuma tukaangalie abiria dereva anapofunga breki: gari limesimama, vichwa bado vinakwenda mbele, halafu vinarudi. Jioni hiyo kwenye matatu ya kurudi Umoja sikuangalia simu hata mara moja. Kesho yake nikaukunja ule mstari unaoonyesha kasi ndani ya programu, herufi zikafika, zikapita kidogo, zikarudi mahali pake. Hadi leo hivyo ndivyo ninavyofanya kazi.

Muhula wa pili ni habari nyingine. Tulikuwa wanafunzi 21 na kompyuta 12, nyingi zikiwa na RAM, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ya GB 8. After Effects huhifadhi kwenye RAM fremu inazokuonyesha, kwa hiyo kwa mashine kama hizo unatazama sekunde chache za kazi yako, kisha unasubiri. Vipindi vizima vilikwisha tukisubiri. Atachimenti, yaani nafasi ya kujifunza kazini, tuliyoahidiwa siku ya kujisajili iligeuka kuwa barua ya utambulisho, uzunguke nayo mwenyewe ofisi hadi ofisi.

Lakini kilichoniuma zaidi ni hiki. After Effects hulipiwa kila mwezi, na wengi wetu hatukuwa na uwezo huo, kwa hiyo nyumbani hatukufanya mazoezi. Si chuo kilichoniambia kwamba programu ya Blender ni ya bure kabisa, au kwamba DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video, ina toleo la bure lenye Fusion, sehemu ya grafiki za mwendo, ndani yake, ambamo yale ya chungwa na matatu yanafanyika vilevile. Ni mwenzangu wa dawati la pili, mwezi wa tano wa kozi. Miezi minne ya mazoezi ilipotea kwa kukosa sentensi moja ya siku ya kwanza.

Mtu akiniuliza leo, namwambia alipe muhula wa kwanza peke yake, chuo kinakubali. Aulize mwalimu ni nani na aone kazi alizofanya yeye mwenyewe, si video ya matangazo ya chuo. Karo ya muhula wa pili aiweke kwenye RAM ya kompyuta yake. Na afike kabla ya saa kumi na moja na nusu, kwa sababu mashine tatu za dirishani ndizo zenye GB 16, na saa kumi na mbili zote huwa na watu.