Pazia la mtumba au la kushonesha?

Ukiwa Kisumu na dirisha la sebule liko wazi, njia ni mbili: uamke mapema Jumapili uende Kibuye, siku ambayo soko hilo hufurika, au ununue kitambaa kipya kwa mita umpelekee fundi.

Mtumba una raha yake. Unainama, unafukua, mara mkono unakutana na pazia zito lenye bitana, la aina ambayo dukani ingekutoa jasho. Liinue ulielekeze juani. Mistari iliyopauka kwenye mikunjo haitoki kwa sabuni yoyote, na vitundu vikionekana, rudisha. Mengi huwa marefu kuliko madirisha yetu, kwa hiyo ukipunguza unabaki na kipande cha kushonea foronya za mito ya kochi. Kama ni pamba, fua kwanza ndipo ukate, maana hurudi. Kasoro yake kubwa: ukishapata jozi, ya pili inayofanana nayo usiitegemee.

La kushonesha linakaa dirishani sawasawa, na rangi mnachagua wenyewe (watoto wakipiga kura, jiandae kwa zambarau). Ila upana wa kitambaa unatakiwa uwe karibu mara 2 ya dirisha ndipo mikunjo ijae, na hapo bei inapanda upesi. Fundi naye ana kesho zake.

Sebule yenye madirisha matatu, nashonesha. Vyumba vya kulala ni Kibuye, hapo sina mjadala.