Uzoefu wangu na gari la kifahari la mwaka 2005 katika baridi ya Minnesota

Mwezi wa Oktoba 2016 nilinunua gari kubwa la Kijerumani la mwaka 2005, lenye injini ya petroli ya lita 3.0 na silinda sita zilizopangwa kwa mstari mmoja, kwa dola 6,800. Lilikuwa limekwisha kutembea maili 128,000. Lilipokuwa jipya, gari la aina hiyo liliuzwa kwa zaidi ya dola 40,000, na hadi siku nilipolikabidhi kwa mnunuzi, Mei 2022, viti vyake vya ngozi, uzito wa milango yake na jinsi lilivyoshika barabara yenye theluji havikuacha kunipendeza. Ninaandika haya kwa ajili ya ndugu zetu wanaohamia katika nchi za baridi kali, wakaona gari kama hili linauzwa kwa bei ya gari dogo la kawaida, wakajiuliza kama walichukue. Gari lenyewe ni zuri. Lakini injini yake, ikishazeeka, huumwa na baridi kwa namna ambayo sisi tuliozaliwa katika joto la pwani hatuitambui upesi, na mtu akiipuuza dalili ya kwanza atalipia dalili nyingine tatu au nne kabla ya kuufikia ugonjwa.

Ninaishi Brooklyn Center, kaskazini mwa mji wa Minneapolis, na kazi yangu ni kuhudumia wazee zamu ya usiku. Kutoka nyumbani hadi kazini ni maili nne tu. Jengo tunamopanga halina banda la magari, kwa hiyo gari lililala nje msimu mzima wa baridi. Naomba msomaji ayashike mambo hayo mawili, safari fupi na kulala nje, kwa sababu ndiyo yaliyoamua karibu kila dola niliyoitoa.

Msimu wa kwanza uliondoka na betri. Hilo silihesabu kuwa kosa la gari, kwa kuwa baridi ya digrii 18 za Selsiasi chini ya sifuri hupunguza nguvu ya betri yoyote kwa takriban nusu, wakati huohuo oili iliyoganda inaidai stata nguvu zaidi. Betri ya gari hili ni kubwa, inakaa nyuma chini ya sakafu ya buti, na mpya ilinigharimu dola 240. Januari 2018 tangi la kulanti, yaani kimiminika cha kupozea injini, lilipasuka. Ni tangi la plastiki, na plastiki iliyochemshwa na kupozwa kwa miaka 13 huwa kavu kama ganda la yai. Niliondoa theluji juu ya boneti nikasikia harufu tamutamu ya kulanti kabla sijaona tone lolote. Tangi, hosi mbili na kazi vilifika dola 610. Nilitaka kujaza kulanti tupu bila maji, nikidhani ndiyo kinga zaidi, fundi akanizuia: kulanti ikichanganywa nusu kwa nusu na maji haigandi mpaka baridi ifike karibu digrii 37 chini ya sifuri, ilhali kulanti tupu huganda kwenye digrii 13 hivi tu chini ya sifuri. Ushauri huo ulikuwa na thamani kuliko lile tangi.

Katika msimu huohuo nilianza kuona jambo ambalo sikulitilia maanani. Nikiwa katika barabara kuu, mshale wa joto la injini ulikuwa ukishuka chini ya katikati, na hita ikipuliza hewa ya uvuguvugu tu. Nikisimama kwenye taa za Brooklyn Boulevard, mshale ulipanda tena na hita ikapata joto. Mimi nimekulia Mombasa, na huko adui wa injini ni kuchemka. Tangu utotoni nimewaona mafundi waking'oa themostati, ile valvu inayozuia kulanti isiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, na kuitupa, kwa hoja kwamba kulanti ikizunguka moja kwa moja hadi kwenye rejeta gari halitachemka kamwe, na magari hayo yaliendelea kufanya kazi miaka mingi. Kwa hiyo, nilipouona mshale umelala chini, nilisema alhamdulillahi, gari hili halichemki. Nililiendesha na dalili hiyo mwaka mzima nikiiona kuwa heri.

Tarehe 30 Januari 2019 baridi ya Minneapolis ilifika digrii 28 chini ya sifuri kwa kipimo cha Farenhaiti, ambayo ni takriban digrii 33 chini ya sifuri kwa Selsiasi. Shule zilifungwa, na hata posta ilisimamisha kazi ya kupeleka barua siku hiyo. Wazee ninaowahudumia hawafungwi, kwa hiyo nilikuwa kazini usiku kucha. Asubuhi nilipiga stata, injini ikajivuta taratibu sana kama mtu anayetembea matopeni, kisha ikawaka. Niliiacha ingurume kwa dakika tano, nikaondoka. Sijamaliza maili mbili, injini ikaanza kutetemeka, taa ya hitilafu ikapepesa, na kwenye kioo cha nyuma nikaona moshi mzito wa buluu umelifunika gari lililonifuata. Nilisimama pembeni. Juu ya theluji nyeupe, chini ya injini, oili ilikuwa ikidondoka upande wa nyuma, tone baada ya tone. Bredauni ilikuja baada ya muda wa saa tatu kwa sababu ya wingi wa watu waliokwama siku hiyo, na ikanitoza dola 135.

Gereji ya kwanza, ambayo sina nia ya kuitaja, iliunganisha mashine ya kusomea hitilafu kwa dola 150, ikakuta silinda mbili hazichomi sawasawa, ikabadilisha plagi zote sita na koili zote sita kwa dola 780. Plagi za zamani nilionyeshwa, na kweli zilikuwa zimelowa oili. Hakuna aliyeuliza oili hiyo ilifikaje huko. Baada ya siku tisa moshi ulirudi. Gereji ya pili iliona oili ikivuja kwenye gasketi ya kifuniko cha valvu, ikaibadilisha kwa dola 690, halafu fundi akafungua kifuniko cha kujazia oili na kunionyesha upande wa ndani. Palikuwa na utando mzito wa rangi ya njano iliyopauka, mithili ya maziwa ya mgando. Aliniambia kwamba maji yanaingia kwenye oili, gasketi ya silinda hedi imekwisha, na kazi hiyo itakuwa dola 3,200. Nilimshukuru, nikaondoka na gari langu. Dola 3,200 kwa gari la 6,800 si uamuzi wa kufanywa umesimama kaunta.

Mwenzangu wa kazini alinipeleka kwa fundi mmoja Mkenya aliyejifunza ufundi Grogan, Nairobi, na ambaye sasa ana gereji ndogo ya milango miwili. Ni mtu wa makamo ya baba yangu, na sote tunamwita Mzee. Nilimwamkia, nikaanza kumweleza habari za koili, gasketi na ule utando, akaninyamazisha kwa upole.

“Ngoja kwanza, mwanangu. Hita ya gari hili, ukiwa haiwei, inakupa joto au inakupa uvuguvugu?”

Nilimwambia uvuguvugu, na mshale huwa umeshuka. Akauliza tangu lini. Nikasema tangu mwaka jana. Hakusema neno, alitikisa kichwa tu, akaenda kuchukua vifaa.

Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kuthibitisha kama gasketi ya silinda hedi ilikuwa nzima. Aliweka juu ya mdomo wa tangi la kulanti chombo kidogo chenye dawa ya rangi ya buluu na kufyonza hewa iliyotoka mle, injini ikiwa inanguruma. Gesi ya mwako ikiwa imepenya kwenye kulanti, dawa hiyo hugeuka njano. Tuliiangalia kwa dakika kadhaa pamoja, nayo ikabaki buluu ileile. Kisha alichomeka kifaa chake, tukaenda barabara ya I-94 kwa dakika ishirini, na muda wote huo joto la kulanti halikuvuka digrii 62, ilhali injini hiyo inapaswa kufanya kazi kwa zaidi ya 90. Themostati ilikuwa imekwama wazi. Yaani gari langu lilikuwa katika hali ileile ambayo mafundi wa kwetu huitengeneza kwa makusudi, isipokuwa mimi nilikuwa ninaliendesha Minnesota.

Mzee alinieleza mfuatano wote, na ninaueleza hapa kwa sababu ndio kiini cha tathmini yangu. Kila lita ya petroli inayoungua hutoa karibu lita moja ya maji kwa umbo la mvuke. Sehemu kubwa hutoka kwenye ekzosi, lakini kiasi fulani hupenya kando ya ringi za pistoni na kuingia kwenye oili. Injini ikipata joto kamili kwa muda wa kutosha, mvuke huo hupanda na kutolewa na mfumo wa kupumulia wa injini, ambao huurudisha kwenye njia ya hewa ukachomwe. Injini isipopata joto, maji hubaki, yakachanganyika na oili na kuwa ule utando niliouona chini ya kifuniko. Katika injini hii mfumo wa kupumulia ni kopo la plastiki lenye hosi nne nyembamba, lililofichwa chini ya manifoldi ya hewa, yaani mabomba yanayopeleka hewa kwenye silinda, na oili inayochujwa humo hurudi chini kupitia njia finyu sana kwenye bomba la kijiti cha kupimia oili. Maji yakiganda humo, injini haina pa kupumulia. Msukumo hutafuta gasketi dhaifu na kuitoboa, na oili isiyoweza kurudi chini hufyonzwa kuingia kwenye silinda. Ndiyo maana plagi zililowa, ndiyo maana gasketi ilivuja, ndiyo maana moshi ulikuwa wa buluu. Aliongeza kwamba oili ikiingia kwa wingi kwenye silinda, pistoni huigonga kama inavyoweza kugonga maji, na hapo injini nzima huharibika kwa mara moja.

Usiku ule gari lililala nje ya gereji yake. Asubuhi, kabla halijawashwa, aliifungua hosi moja na kuikamua juu ya kiganja chake. Kikatoka kipande cha barafu chenye urefu wa kidole gumba, rangi ya chai ya maziwa. Nilikishika mwenyewe.

Alibadilisha themostati, kopo la kupumulia na hosi zake kwa aina iliyofunikwa sponji maalumu kwa nchi za baridi, bomba la kijiti cha oili, na akafunga hita ya injini ya kuchomekwa kwenye umeme. Vipuri na kazi vilikuwa dola 1,140, na kazi ndiyo iliyokula zaidi ya nusu, kwa kuwa ilibidi manifoldi ya hewa iondolewe. Alibadilisha pia oili kutoka 5W-30 kwenda 0W-40. Namba iliyo mbele ya herufi W huonyesha tabia ya oili katika baridi: oili ya 5W hupimwa kama inaruhusu injini izunguke wakati wa kuwasha kwenye digrii 30 chini ya sifuri, na ya 0W kwenye 35. Asubuhi ile ya Januari ilikuwa 33, kwa hiyo nilikuwa nimeiwasha injini nje ya mipaka ya oili iliyokuwa ndani yake.

Baada ya hapo sikupata tena moshi wala utando. Matumizi ya petroli mjini yalitoka maili 14 hadi 17 kwa galoni, kwa sababu kompyuta iliacha kuongeza mafuta kwa injini ambayo ilikuwa ikidhani kila siku kwamba ndiyo kwanza inaamka. Nilijiwekea desturi ya kuchomeka hita saa tatu au nne kabla ya kuondoka kila baridi ilipokuwa kali, na kila Jumapili kuliendesha hadi Monticello na kurudi ili oili ipate joto la kutosha.

Mwaka 2020 pampu ya maji na rejeta zilifika mwisho wake kwa dola 870, na Desemba 2021 betri nyingine kwa 255. Nikiacha matairi, breki na huduma ya kawaida, injini hii ilinila dola 4,870 kwa miaka mitano na nusu. Katika hizo, 1,620 nilizilipa kwa gereji mbili zilizotibu matokeo, na ningelikwenda kwa Mzee msimu ule mshale ulipoanza kushuka, themostati peke yake ingelinigharimu dola mia mbili au tatu pamoja na kazi. Kwa starehe na uimara barabarani ninalipatia gari hili nyota nne. Kwa gharama ya kulitunza katika baridi, mbili. Anayeishi mahali penye banda la magari na anayesafiri masafa marefu ataliona tofauti kabisa na nilivyoliona mimi. Anayefanya safari za maili nne na kulilaza nje atafute gari jingine, au alinunue akiwa tayari ametenga dola 1,500 za kubadilisha themostati na mfumo wa kupumulia kabla ya theluji ya kwanza, hata kama muuzaji anaapa kwamba halina tatizo. Kabla ya kulipa, aliendeshe kwenye barabara kuu kwa nusu saa huku akiutazama mshale, kisha afungue kifuniko cha oili.

Nililiuza kwa dola 2,900 kwa kijana kutoka Duluth, ambako baridi ni kali kuliko kwetu. Nilimpa risiti zote, nikamwonyesha waya wa hita ulipofungwa nyuma ya grili, halafu nikafungua kifuniko cha oili na kukigeuza mkononi mwake ili auone upande wa ndani. Ulikuwa mkavu, rangi ya kahawia.