Kamati ya ushauri wa mafao Uingereza: uzoefu wangu, nyota tatu kati ya tano

Huku Uingereza huwa nawasaidia Waswahili wenzangu kujaza fomu za mafao, ya kukosa kazi na ya ulemavu. Swali haliishi: "Dada, hawa wanaotupangia, nani anawaangalia?" Mmojawapo ni Social Security Advisory Committee, kamati ya ushauri iliyoundwa mwaka 1980. Ripoti zake nazisoma, na iliwahi kuomba maoni nikatuma yangu.

Usiende kwao na kesi yako. Ukinyimwa PIP (Personal Independence Payment, mafao ya ulemavu), una mwezi mmoja wa kuomba uamuzi uangaliwe upya, kisha kuna rufaa. Kamati haimo humo. Kazi yao ni kanuni. Wizara inayosimamia mafao ikitaka kubadilisha kanuni za PIP au za Universal Credit (mafao ya wasio na kazi na wenye kipato kidogo), kwa kawaida inawapelekea rasimu kwanza, na wakitoa ripoti juu yake waziri analazimika kuiweka mbele ya Bunge na kueleza amekubali lipi na amekataa lipi. Walioumia kazini wana baraza lao jingine.

Nilichopenda ni kwamba wakifungua mlango wa maoni, yeyote anaingia. Huhitaji kuwa wakili. Ripoti ni za bure, ingawa Kiingereza chake kinataka chai ya pili.

Kinachonikera ni kipengele cha dharura. Serikali ikisema jambo ni la haraka, inaweza kutunga kanuni kwanza, kamati ikaiona baadaye. Ndivyo ilivyokuwa Machi 2017, PIP ilipobanwa kwa watu wasioweza kusafiri peke yao kwa sababu ya msongo mkubwa wa akili. Desemba mwaka huohuo Mahakama Kuu ikasema huo ni ubaguzi. Januari 2018 serikali ikaacha kukata rufaa, na madai yapatayo milioni 1.6 yakabidi yapitiwe upya. Haraka gani hiyo! Na hata kamati ikiulizwa mapema, waziri hafungwi na ushauri wake; anatakiwa tu kujieleza.

Nyota mbili nimezikata hapo. Tatu nimewaachia kwa sababu, bila wao, hata hayo maelezo ya waziri tusingeyapata kwa maandishi. Wakiomba maoni tena, nitaweka maswali yao kwa Kiswahili kwenye kundi letu la WhatsApp, hasa kwa akina mama wanaolea watoto wenye ulemavu, maana wao ndio wenye ya kusema.