Pweza sebuleni: tangi la lita 208 na machujio yake

Haya jamani, sogeeni. Kikombe hiki msidhani ni chai ya rangi iliyolala. Ni uchafu wa pweza mmoja, wa siku 3 tu, ulionaswa na mashine ya povu (protein skimmer), ile inayokamata uchafu wa maji kwa viputo vya hewa. Shukuruni simu haipitishi harufu.

Kwa wageni: niko California, na ninayemfuga ni pweza wa hukuhuku, mwenye madoa mawili ya buluu chini ya macho. Yule wa kwetu Pwani, wa supu, ni mkubwa mno kwa sebule. Msijaribu.

Tangi hili ni galoni 55, lita kama 208. Kwa huyu wa madoa, msishuke chini ya hapo. Mimi nilibana matumizi nikaanza na la lita 110. Kila akila, maji yanachafuka. Nikabadilisha maji mpaka kiuno kikaomba radhi. Mwisho nikanunua hili, hela nikatoa mara mbili.

Sasa chujio la mtungi, lile la mkebe wenye sponji ndani linalokaa nje ya tangi. Boksi limeandikwa mpaka lita 300. Hesabu hiyo ni ya samaki! Pweza anavunja kaa mzima, mabaki yanatapakaa, na amonia anayotoa si ya mchezo. Mimi namba ya boksi naikata nusu: 150. Tangi langu 208. Mmeona? Sponji zake zinachomoka vizuri, hilo nalisifu, ila usipoziosha wiki mbili, uchafu unaozea humo na naitreti, mabaki ya uozo huo, inapanda majini. Mashine ya povu inatoa uchafu kabla haujaoza, ndiyo tofauti. Kaboni, yaani mkaa wa kuchujia maji, wekeni akiba kwa siku atakapomwaga wino.

Mdomo wa bomba la kuvuta maji ufungeni sponji, mnyiri, yaani mkono wake, usije ukanaswa. Na shaba, iwe kwenye dawa au kwenye bomba, isiguse maji haya. Inamuua.

Mfuniko nao uwe na vibanio. Mwaka 2016, Napier kule New Zealand, pweza aitwaye Inky alitoka usiku kwenye tangi la maonyesho, akapenya bomba la kutolea maji mpaka baharini. Hana mfupa yule. Mdomo wake, ndiyo sehemu ngumu, ukipita, mwili wote unafuata.

Tangi lizungushe maji bila pweza miezi mitatu kwanza, bakteria wa kula amonia wapate kukua, ndipo umlete.

Alama zangu: mtungi 6 kati ya 10. Mashine ya povu 9. Hiyo moja nimeikata kwa sababu usiku inakoroma kama mjomba aliyeshiba ubwabwa.