Kifaa cha kufuatilia nyaya kwa mlio: uzoefu wangu kwenye MGB

Kifaa chenyewe kina vipande viwili. Kimoja ni kitoa mlio chenye klipu nyekundu na nyeusi, kinachotumia betri ndogo ya volti 9. Cha pili ni probu ya mkononi inayolia ikisogezwa karibu na waya uliobeba mlio huo. Nimekitumia kwenye MGB, gari dogo la michezo la Uingereza, ya kabla ya 1967, zile ambazo chanya ya betri ndiyo iliyofungwa kwenye bodi. Kinaonyesha vizuri sana waya unakoelekea, ila kazi ya waya hakiijui. Ukikinunua ili kichukue nafasi ya mchoro wa nyaya, umetupa pesa.

Anza na rangi. Nyaya za Lucas, kampuni ya Uingereza ya vifaa vya umeme wa magari, zina utaratibu wake: kahawia ina umeme muda wote bila kupita fyuzi, nyeupe hupata umeme ufunguo ukiwashwa, nayo haina fyuzi. Kijani ni ile nyeupe ikishavuka fyuzi, zambarau ni kahawia ikishavuka fyuzi, na nyeusi huenda kwenye bodi. Mstari mwembamba juu ya rangi hutaja tawi. Kijani yenye mstari mweupe ni indiketa ya kulia, mstari mwekundu ni ya kushoto, mstari wa zambarau ni taa za breki. Tatizo ni kwamba joto na oili hugeuza nyeupe, kijani na kahawia zote zifanane. Fungua utepe wa fungu la nyaya kama sentimita 5 na upanguse kwa spiriti. Rangi iliyojificha chini ya utepe huwa bado inasomeka.

Nyaya zinazobaki bila jina mara nyingi ni zile zilizoongezwa na wenye gari waliotangulia: redio, taa za ukungu, honi ya pili. Hawa hupenda kutumia waya mwekundu kwa kila kitu. Hapo ndipo kifaa kinarudisha gharama yake.

Ondoa umeme kwanza. MGB za hadi 1974 zina betri mbili za volti 6 nyuma ya viti, zimeunganishwa mfululizo, kwa hiyo kufungua kebo ile ya bodi kunatosha kukata zote. Usiruke hatua hii: vifaa vingi vya aina hii vimetengenezwa kwa waya usio na umeme. Kisha chomoa upande mmoja wa waya unaoutafuta, bana klipu nyekundu hapo, na nyeusi kwenye boliti isiyo na rangi wala kutu. Kwa kuwa betri imekatwa, chanya kuwa kwenye bodi hakubadilishi chochote.

Wengi hukwama wakidhani kifaa ni kibovu, kumbe balbu haijatolewa. Balbu ya wati 21 ikiwa baridi ina ukinzani chini ya omu moja, hivyo mlio wote unamwagikia kwenye bodi na probu inanyamaza. Toa balbu zote za njia hiyo. Kwa nyaya za kijani, toa na fyuzi pia, kisha chomoa matawi, la sivyo mlio unasambaa kwenye geji, waipa na indiketa kwa mkupuo mmoja, na kila waya utaonekana ndio wenyewe.

Tatizo la pili ni mlio kuvuja kwenda kwa waya jirani ndani ya fungu moja. Punguza usikivu wa probu mpaka ubaki waya mmoja tu unaolia, halafu tenganisha nyaya kwa vidole na uuguse mmoja mmoja. Modeli isiyo na kirungu cha kupunguza usikivu haifai kwa gari. Nyuma ya bamba la chuma probu haisikii kitu, kwa hiyo tafuta pale waya unapoingia na pale unapotokea. Mlio ukikatika ghafla sehemu iliyo wazi, kagua viungio vyenye umbo la kichwa cha risasi ya bunduki ndani ya soketi za mpira. Huota ukungu wa kijani na kukata njia. Na usitoboe ganda la waya kwa sindano, maana unyevu huingia hapo na shaba huoza.

Multimita pia hudanganya kwenye viungio hivi. Inaweza kusoma volti 12 kupitia kiungio kilichooza kwa sababu yenyewe haivuti mkondo wa maana. Ukiweka taa tu, volti zinaanguka.

Ukishajua mwisho wa waya, rudisha betri na uupe umeme kupitia balbu ya wati 21 iliyounganishwa mfululizo. Mkondo hauwezi kuvuka takriban ampea 1.75, hivyo hata penye shoti huchomi kitu. Balbu ikiwaka kwa nguvu zote, waya umegusa bodi au unaelekea kwenye mzigo mkubwa. Ikififia, kuna kifaa kidogo mbele yake. Isipowaka, njia imekatika au swichi iko wazi. Jaribio hili usilifanye kwa waya unaoingia kwenye redio au mfumo wa kielektroniki wa kuwashia injini.