Fleti ya Jomtien Kupitia Wakala wa Nairobi: Tathmini ya Huduma Tuliyopata

Mwaka jana mimi na mke wangu tuliamua kuchukua sehemu ya akiba tuliyoiweka katika sacco kwa miaka 19 na kununua fleti ndogo karibu na bahari, tuipangishe kwa sasa na tuijie wenyewe baada ya kustaafu. Tulikuwa tumezunguka Nyali na Diani bila kukata shauri, ndipo jirani yetu hapa Lang'ata akatualika kwenye mkutano wa Jumamosi katika hoteli moja ya Upper Hill. Mkutano huo uliandaliwa na wakala anayewauzia Wakenya fleti za Jomtien, ufuo ulio kusini mwa mji wa Pattaya nchini Thailand. Ninawaandikia wale wanaopokea mialiko ya namna hii, kwa sababu huduma ile ilikuwa nzuri sana mahali fulani na ya hatari mahali pengine, na mahali pa hatari hapaonekani ukiwa umeketi ukumbini na kikombe cha chai mkononi.

Nianze na yale waliyoyafanya vyema, maana wanastahili. Tulijilipia tiketi za ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi Bangkok, na tulipotua uwanja wa Suvarnabhumi tulimkuta dereva wao akitungoja na jina letu limeandikwa sawasawa. Mwakilishi wao wa Jomtien, msichana wa Kikenya aliyekwisha kuishi kule miaka kadhaa, alitutembeza siku 4 katika majengo 9 bila kutuharakisha. Alisisitiza tupande songthaew, yale magari madogo ya samawati yenye mabenchi mawili nyuma, ili tujue wenyewe mpangaji wetu angetumia muda gani kufika mjini. Alitupeleka pia Pratumnak, kilima kinachoitenga Jomtien na Pattaya yenyewe, ili tulinganishe bei na utulivu. Kuhusu mahali, sijapata kuonyeshwa nyumba kwa uangalifu kama huo hata hapa Nairobi.

Jambo jingine lililotusaidia halikutokana na wakala bali na kalenda. Tulishauriwa tusafiri Januari, wakati wa jua, lakini likizo yetu iliangukia mwisho wa Septemba, wakati mvua za upande ule zinapokaribia kilele. Ninamshauri kila mnunuzi afanye hivyo kwa makusudi. Fleti tuliyopendekezewa ilikuwa ghorofa ya 11, na mvua ya usiku mmoja ilitosha kutuonyesha doa la maji juu ya fremu ya mlango wa roshani, ambalo lilikuwa limepakwa rangi mpya likaanza kufura tena. Mashine ya kiyoyozi iliyofungwa nje ilikuwa imeliwa na kutu kwenye miguu yote minne, ingawa jengo halikuwa la zamani. Chumvi ya bahari haina huruma, kama wajuavyo wenye nyumba za Mombasa. Mke wangu hushona mapazia na hatembei bila tepu ya kupimia, basi akapima chumba chote. Kijitabu cha matangazo cha wakala kilisema mita za mraba 35, naye alipata 30 na nusu, kwa kuwa roshani ilikuwa imehesabiwa ndani. Jioni tulisimama ng'ambo ya barabara tukahesabu madirisha yenye taa katika jengo zima. Yalikuwa 23, na hiyo ndiyo takwimu ya wapangaji niliyoiamini kuliko zote tulizopewa.

Sasa nifike kwenye karatasi, ambako ndiko huduma ilikotuangusha.

Sheria ya Thailand haimruhusu mgeni kumiliki ardhi, isipokuwa kwa njia chache sana zisizomhusu mnunuzi wa kawaida. Fleti ni jambo jingine: sheria ya majengo ya fleti, iliyoanza mwaka 1979, inamruhusu mgeni kuandikishwa kama mmiliki kamili, mradi wageni wote kwa pamoja wasivuke asilimia 49 ya eneo la fleti zote za jengo hilo. Hesabu hiyo hufanywa kwa mita za mraba, si kwa idadi ya milango, na katika majengo yanayopendwa na wageni mgao huo hujaa. Pale Upper Hill tuliambiwa mara tatu, na mimi niliandika daftarini, kwamba fleti zote zinazouzwa ni za umiliki kamili. Tulipofika Jomtien tulimlipa wakili wa kule, ambaye hakuwa na uhusiano wowote na wakala, naye akatupeleka moja kwa moja kwenye ofisi ya msimamizi wa jengo. Karani alifungua faili, akaangalia kwa dakika mbili, akatuambia kwamba mgao wa wageni umejaa na kwamba kinachopatikana ni ukodishaji wa miaka 30.

Tulipomrudia wakala, jibu lake lilikuwa kwamba miaka 30 huongezwa mara mbili, kwa hiyo ni miaka 90, "na hiyo mzee ni karibu sawa na umiliki." Si sawa hata kidogo. Muda mrefu ambao ofisi ya ardhi ya kule huandikisha kwa ukodishaji wa namna hii ni miaka 30. Hiyo miaka 60 mingine ni ahadi tu kati yako na mwenye mali, ambaye kufikia wakati huo anaweza kuwa ameuza au amefariki. Kwa Mkenya, ulinganisho rahisi ni kifungu cha 65 cha Katiba yetu ya 2010, kinachomruhusu mgeni kushika ardhi hapa kwa ukodishaji usiozidi miaka 99. Mtu anayesikia neno ukodishaji akiwa Nairobi hufikiria muda wa aina hiyo, na nina hakika ndiyo maana watu ukumbini hawakuuliza swali.

Kosa la pili ndilo lililonikasirisha zaidi, kwa sababu lilivishwa vazi la msaada. Ili tusisumbuke na benki, wakala alitutaka tulipe fedha zote kwa shilingi katika akaunti yake ya hapa Nairobi, naye angezifikisha Thailand. Bei ilikuwa milioni 2.4 za baht, fedha ya Thailand, ambayo kwa viwango vya wakati ule ilikaribia shilingi milioni 9. Lakini mgeni anayetaka fleti iandikwe kwa jina lake ni lazima aithibitishie ofisi ya ardhi kwamba fedha za ununuzi ziliingia Thailand kutoka nje zikiwa fedha za kigeni, na benki ya kule ndiyo inayotoa hati ya uthibitisho baada ya kuzipokea na kuzibadilisha kuwa baht. Jina la mtumaji, jina la mnunuzi na sababu ya kutuma vinapaswa kulingana. Aliyelipa shilingi kwa wakala wa Nairobi hana hati hiyo, na bila hati hiyo hata fleti iliyo ndani ya mgao haitaandikwa kwa jina lake. Hati hiyohiyo ndiyo itakayomwezesha kurudisha fedha zake nyumbani siku atakapouza. Nilimuuliza meneja wa Nairobi kama anaijua, akasema hayo ni mambo ya mwisho. Ni mambo ya mwanzo kabisa, kwa sababu fedha zikishapita njia mbaya hakuna wa kuzipitisha upya.

Tena tuliahidiwa kodi ya pango ya asilimia 7 ya bei kwa mwaka kwa miaka 3, "imehakikishwa." Asilimia 7 ya baht milioni 2.4 ni baht 168,000, na kwa miaka 3 ni 504,000. Katika jengo lilelile, ghorofa mbili chini, tulikuta mwenye fleti ya ukubwa huohuo akiiuza mwenyewe kwa baht milioni 1.9. Tofauti ya bei ni 500,000. Sihitaji kushutumu mtu. Ninamwomba msomaji aziweke namba hizo mbili pamoja na kujiuliza ile kodi ingetoka mfukoni mwa nani. Kuhusu miaka itakayofuata, hesabu waliyotuonyesha ilijengwa juu ya watalii wanaolala siku mbili au tatu. Kwenye lifti ya jengo palikuwa na tangazo kwa lugha nne likikataza kupangisha kwa siku. Wakili alitueleza kwamba halikuwa pendekezo la majirani tu: kupangisha chumba kwa muda usiofika mwezi bila leseni ya hoteli kunavunja sheria ya hoteli ya mwaka 2004. Kwa hiyo mpangaji halali ni wa mwezi mmoja na zaidi, naye hulipa kodi ndogo kuliko ile ya kijitabu.

Gharama nyingine hazina siri, mradi uambiwe mapema. Ada ya kuhamisha umiliki ni asilimia 2 ya thamani iliyokadiriwa na serikali, na mara nyingi mnunuzi na muuzaji huigawana. Muuzaji anayeuza kabla ya miaka 5 hutozwa kodi maalumu ya asilimia 3.3, jambo la kukumbuka ukidhani utauza haraka. Ada ya huduma ya jengo hutozwa kwa mita ya mraba; yetu ingekuwa baht 45 kwa mwezi, yaani baht 1,575 kwa fleti ya mita 35, iwe ina mpangaji au haina. Kabla ya kuhamisha umiliki, msimamizi wa jengo lazima atoe cheti kwamba muuzaji hana deni la ada hiyo. Wakala hakuyataja haya mpaka tulipouliza, lakini tulipouliza alijibu vizuri.

Kuna familia mbili katika msafara wetu zilizopendekezewa nyumba zenye bustani, na ardhi ingeshikwa na kampuni ambayo Wathai wasiowajua wangekuwa wanahisa wengi kwa jina tu. Sheria ya kule inakataza wanahisa wa bandia wa namna hiyo, na serikali huwafuatilia. Niliwaambia jioni ileile, wakiwa bado hawajatia sahihi, na ninafurahi niliwaambia.

Kwa hiyo, je, ninamshauri mtu amtumie wakala huyu? Kwa kutembezwa na kuonyeshwa mji, ndiyo, na yule msichana wa Jomtien ningemkabidhi hata mama yangu. Kwa mkataba na kwa fedha, hapana. Mwenye nia aende kwanza kwa wakili wake, apate barua ya msimamizi wa jengo kuhusu mgao wa wageni, aone nakala ya hatimiliki iliyotolewa karibuni na ofisi ya ardhi, ambayo kwa sehemu hii ni ile ya Bang Lamung, kisha atume fedha mwenyewe kutoka benki yake. Benki za hapa zitamtaka aonyeshe chanzo cha fedha na mkataba wa mauzo, kwa hiyo karatasi hizo azitayarishe mapema. Tena asinunue akidhani amejipatia kibali cha kuishi, kwa sababu fleti peke yake haimpi mtu ukaazi.

Sisi hatukununua ile ya ghorofa ya 11. Tunaendelea kuzungumza na yule mwenye fleti ya ghorofa ya 9, ambayo tayari imeandikwa ndani ya mgao wa wageni, na safari hii wakili ndiye anayeshika kalamu. Amana ya shilingi 190,000 tuliyolipa Upper Hill tulirudishiwa baada ya wiki 6 na barua moja ya wakili, ikiwa imepungua shilingi 20,000 zilizoitwa gharama za ofisi. Tumeomba risiti ya makato hayo mara mbili, na hadi leo hatujaipata.